Malalamiko Juu ya Daraja Lililokataa Kuanguka

Mtoni, Barabara ya Kilwa,
Dar es Salaam.
28 Aprili 1954

Kwa Bwana Injinia wa Barabara na Madaraja.

Bwana Mheshimiwa,

Salamu kwanza, kisha uchungu. Mimi ni Leodegar, mkandarasi, mtu wa Bukoba kwa asili na mlipa kodi wa Mtoni kwa miaka mingi. Ndimi niliyeshinda tenda ya daraja dogo linalovuka mto kati ya nyumba zetu na Barabara ya Kilwa. Masika yamepamba moto, maji yamepita juu ya daraja hilo zaidi ya mara moja, na mpaka leo asubuhi lilikuwa bado limesimama. Naandika kulalamika.

Usije ukanidhania mwendawazimu, nimeyapanga malalamiko yangu kwa namba.

1. Ofisi yako ilibandika tangazo la tenda mwezi wa Muharram. Labda huko kwenu mwezi ni mwezi tu. Hapa Mtoni tenda hujazwa barazani kwa Bwana Noorali, muuza saruji. Wakandarasi tuko wanne: Noorali mwenyewe, Hija, Gaspar na mimi. Tangazo likitoka tunakutana, Noorali anamimina chai ya tangawizi, na anayepewa kikombe cha kwanza ndiye mwenye zamu. Sisi wengine tunaandika bei kubwa kuliko yake, tunafunga bahasha, tunaulizana hali za watoto. Hakuna kelele wala kijicho. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini Muharram ikiingia Noorali hufunga duka, huvaa nyeusi, na hushinda kwenye maombolezo pamoja na watu wa madhehebu yake. Mtu mwenye adabu gani angemfuata huko kumwuliza habari za daraja? Basi kila mmoja wetu alijaza tenda peke yake, bila chai.

2. Zamu ilikuwa ya Gaspar. Hilo nalijua. Lakini bila kikombe ningejuaje kwamba Hija ataiheshimu? Niliingiwa na hofu nikaandika bei ya kweli. Haikuwa kazi rahisi, maana sikuwa nimewahi kuiandika, ilinibidi niitafute. Ofisi yako ikanipa kazi siku ile ile bahasha zilipofunguliwa, hata huruma haikuwaingia.

3. Saruji. Kwa desturi mifuko hutoka dukani kwa Noorali asubuhi, msimamizi wako akiitazama, na nusu yake hurudi jioni kwa mlango wa nyuma. Safari hii Noorali alisikia nimemwibia mwenzangu zamu, akanuna, akaufunga mlango wa nyuma. Mifuko ikanibakia mikononi. Saruji hailiwi, Bwana Injinia, na hewa ya pwani huigandisha upesi. Ningeipeleka wapi? Niliitia yote kwenye daraja.

4. Sasa tazama matokeo. Daraja letu lina mila yake: huondoka na masika, hujengwa kiangazi, na kila mkandarasi hupata zamu na watoto wake hula. Langu halikuondoka. Gaspar atajenga nini? Hajibu salamu yangu hata tukitoka misa. Naye ndiye aliyekuwa ameahidi kumsimamia ubatizo mtoto wetu, kwani mke wangu Kokushubila ni mjamzito na siku zake zimekaribia. Amejitoa. Sina ndugu hapa mjini, Bwana Injinia, nina hao watatu tu. Mtoto wangu atakosa baba wa ubatizo kwa sababu ya saruji, na jambo hilo linaniuma kuliko ninavyoweza kuandika.

5. Watu wa Mtoni wananisifu.

Nieleze kwa nini hili ni lalamiko. Tangu wauza samaki walione daraja linaloweza kusimama, wameanza kuuliza kwa nini yale mengine hayakusimama. Swali hilo halikuwako hapa kwetu. Limeletwa na daraja.

6. Wapo watakaosema kwamba daraja linalodumu lina faida kwa wagonjwa. Nawajibu kwa mfano wa Hija. Mwaka jana daraja alilolijenga yeye mwenyewe liliondoka asubuhi, na mchana wake mkewe Mwanakombo akashikwa na uchungu. Gari halikuweza kuvuka kwenda hospitali. Mtoto alizaliwa huku huku, na hakuifikia magharibi. Tulikwenda kuzika sote wanne, Noorali na Gaspar wakishika jembe. Je, Hija alimlalamikia mtu? Hakumlalamikia mtu. Huo ndio ushirikiano ninaoutetea. Ila nimeona kwamba tangu siku ile hanywi chai ya barazani. Hukishika kikombe mpaka kinapoa.

Kwa sababu hizo naomba ofisi yako ilitangaze daraja langu kuwa bovu, ilivunje, na iitishe tenda upya katika mwezi usio na maombolezo, mfungo wala Kwaresima. Na kama litakataa kuvunjika, kama ninavyoogopa, basi barabara ihamishwe ipite mahali ambapo mto hauna daraja, ili Gaspar apate haki yake.

Nisalimie mama watoto, karani anayepokea bahasha, msimamizi na kofia yake, na wote wanaotukumbuka hapo ofisini.

Ni mimi, niliyeshinda bila kutaka,
Leodegar Rweyongeza

Nyongeza: Barua hii ilikuwa bado mezani, haijatiwa stempu, mvua ya juzi iliponyesha tangu alfajiri. Mchana Kokushubila akashikwa na uchungu. Noorali alileta lori lake bila kuitwa, angali amenuna. Gaspar alipanda nyuma akamshikia mgonjwa turubai. Tulipofika mtoni daraja halikuonekana, maji yalikuwa yamelifunika lote. Hija akavua viatu, akatangulia majini akipapasa kwa fimbo, na lori likamfuata polepole. Daraja lilishika. Kufika ng'ambo Hija alikaa kwenye tope akalia.

Mtoto ni wa kike, mzima, na ana sauti. Gaspar amekubali kumsimamia.

Basi lile ombi la kuvunja daraja naomba lisubiri mpaka mama na mwana warudi nyumbani. Halafu kuna ubatizo, na wageni watapita. Halafu Mwanakombo ni mjamzito tena, atahitaji kuvuka mvua za vuli zikianza. Halafu watoto hao watakwenda shule, na shule iko ng'ambo. Baada ya hapo tutazungumza.

Mwisho, tumesikia ofisi yako itatangaza tenda ya daraja la pili, lile la njia ya mashambani. Hija anauliza kama tangazo linaweza kubandikwa Muharram. Noorali amekwisha kunionyesha kwenye kalenda tarehe utakapoingia mwezi huo.