Mwanakondoo wa Bingo ya Wazimamoto

Jumatatu, 3 Juni

Kapteni Belisario, ungekuwa mwanangu ungelala njaa leo! Mwanamume mzima, mkuu wa wazimamoto wa kujitolea, miaka yote anachapa kadi za bingo kwa programu ya wizi kwenye kompyuta ya kikosi. Sasa makao makuu wanataka ifutwe. Na bingo, mchezo wetu wa namba wa kuchangisha fedha, ni Jumamosi. Na mpira wa maji unavuja kama pua ya mtoto. Bila bingo hakuna mpira mpya. Nyumba zetu za mbao zikiwaka, tutazitemea mate?

Maritza, mzimamoto wetu ajuaye kompyuta, kasema ataweka programu huria. Haiuzwi. Kila mtu aweza kuitazama ndani, kuibadilisha, kumgawia jirani. Nikamwambia chakula kisicho na mwenyewe huliwa na mbwa. Akacheka. Hana adabu.

Jumatano, 5 Juni

Imewekwa. Inachapa kadi za bingo, kila moja na namba zake; zako zikiitwa zote kwanza, umeshinda. Nimeingia kwa jina langu, Zunilda, nimeliandika mwenyewe. Maritza kanionyesha penye amri ya kuchanganya namba. Nikauliza, kwa upole kabisa, kama hata bibi aliyeishia darasa la tatu aruhusiwa kubadilisha. Akasema ndiyo, imetengenezwa kwa watu kama mimi.

Haya basi! Zawadi ni mwanakondoo. Kila mwaka hushinda jirani yangu Eduvigis, kisha hunialika kula mbavu, anitazame nikitafuna.

Ijumaa, 7 Juni

Maritza alitoka kuleta kuni. Nikafuta kuchanganya, nikatia namba zangu. Kwenye kadi yangu moja tu, basi. Maritza akarudi, akachapa zote bila kutazama. Nikampa mkate wa viazi.

Kete za kuitia zenye namba zangu nimezitoa mfukoni mwake, nimezitia mfukoni mwa aproni. Mwita namba ni mimi, nitaita hizo tu, nani atanipekua? Kadi ataishika binti yangu Nolfa. Akili ninayo!

Jumamosi, 8 Juni

Akili gani? Boga tupu.

Ukumbi ulijaa, kila mtu kaficha kadi kifuani, desturi yetu. Nikaita kete ya kwanza: tabasamu kila meza. Ya pili: kicheko. Nikajisemea, sauti yangu ina baraka. Nilipoita ya mwisho, ukumbi mzima ulisimama ukipiga kelele za bingo. Kapteni. Padri. Eduvigis, mikono juu. Aliyebaki kitini ni Nolfa. Alikuwa amesinzia.

Kadi zote zilikuwa na namba zangu! Maritza akafungua kompyuta mbele ya wote. Kumbe programu ile hutunza kila badiliko pamoja na jina la aliyelifanya! Likasomwa jina langu. Kete za aproni nikazitoa mwenyewe, zilikuwa zinagongana.

Eduvigis hakupandisha sauti. "Zunilda, dada yangu, ungeniomba tu mbavu ya pili."

Jumapili, 9 Juni

Washindi ni wote, basi mwanakondoo kapikwa chungu kimoja, wote wakala. Kadi zilikuwa zimeshalipiwa, kwa hiyo mpira wa maji utanunuliwa. Hakuna aliyenishukuru.

Mfuko wa kete kapewa Eduvigis. Mimi nimepewa viazi nimenye. Nimemenya, nimetafakari. Mwezi ujao kina mama tunachagua mwenyekiti, na kura zitahesabiwa na kompyuta hiyohiyo. Kosa langu nimeliona: lile jina.

Maritza, kesho niletee kompyuta jikoni. Ila kwanza nifundishe kuandika Eduvigis.