Kinanda Kilichoitisha Sadaka ya Pili

Leo nimeaibika jamani, tena mbele ya parokia nzima. Nimejifungia chumbani. Simu za wanakwaya zinaita, sipokei.

Mnajua ninavyoitamani nafasi ya mwalimu wa kwaya hapa Itigi. Aliyekuwepo kahamia Singida mjini, na wazee wakawa wanasita. "Mwanamke ataongoza mabesi?" Mwisho mwenyekiti wetu, Mzee Njiku, akasema haya, Jumapili aongoze wimbo wa matoleo, tumwone. Wimbo nimeutunga mimi, nikauandika kwa programu ya nota kwenye kompyuta ya duka langu la steshenari. (Nakala nikachapa za rangi. Kujisikia tu.)

Jana mpiga kinanda kapata msiba Mitundu, kaondoka. Nikawaambia hakuna shida! Sehemu yake naitoa kwenye programu, naiweka kwenye flashi, nachomeka, kinanda kinajipiga chenyewe. Walinisifia, nikavimba kichwa.

Wimbo uko hivi: kiitikio, mapumziko marefu kidogo ya kuvuta pumzi, mashairi matatu mfululizo, halafu alama ya D.C., yaani rudi mwanzo. Unaimba kiitikio tena, ukifika palipoandikwa Fine umemaliza. D.C. niliichukua kwenye alama za programu yenyewe. Fine sikuiona upesi, nikaichapa kama maneno ya kawaida. Kwenye karatasi inapendeza sana! Kumbe programu haisomi maneno ya kawaida, kwake yale ni pambo tu.

Na siyo kwamba sikuujaribu. Niliusikiliza mpaka wateja wakanuna. Ila kila kiitikio cha mwisho kilipoisha nilikuwa nausimamisha mwenyewe, ili nijipigie makofi. (Ndiyo. Peke yangu. Dukani.)

Basi leo watu wakapanga mstari wa sadaka, kwaya ikaimba vizuri, hata mabesi wakanifuata. Mstari ukaisha, tukafika kwenye Fine, nikafunga ngumi hewani. Kimya safi! Mzee Njiku akaniitikia kwa kichwa. Nikawageukia waumini, nikainama kidogo. (Nani alinituma?)

Kinanda kikaendelea na shairi la kwanza.

Wanakwaya walishakaa. Waumini wakatazamana. Hapa kwetu matoleo yakiisha halafu muziki ukaanza tena, watu wanajua ni sadaka ya pili. Mama mmoja wa benchi la mbele akafungua fundo la kanga, akainuka. Benchi zima likamfuata!

Padri akasogelea maikrofoni. "Mwalimu, hii ya pili ni ya nini?"

Ningesema ukweli ningekuwa nimepona. Lakini ndiyo kwanza nilikuwa nimeitwa Mwalimu, tena kwenye spika. Nikajibu, "Ya ujenzi, Baba."

(Hatujengi chochote.)

"Ujenzi wa nini?"

Nikakikimbilia kinanda nikachomoe flashi. Sasa kinanda kiko nyuma ya kapu la sadaka, na mstari umeshafika hapo. Nikajaribu kupenya. Babu mmoja akanishika mkono, kwa upole kabisa. "Panga mstari, mwanangu. Sote tunatoa."

Nikapanga mstari! Ningefanyaje? Shairi la pili likapita nikiwa nyuma ya babu. La tatu likapita. Nilipofika kwenye kapu, mkononi sina kitu, macho yote kwangu, kinanda kikakatika chenyewe, maana D.C. inarudisha mwanzo mara moja tu. Mwisho wa shairi la tatu ni sauti inayodai kiitikio, kwa hiyo ikabaki inaning'inia, kila mtu anasubiri. Besi mmoja akashindwa kuvumilia, akaanza kiitikio peke yake. Akaona aibu, akakaa.

Ikabidi niende kwenye maikrofoni. "Baba, samahani. Hakuna ujenzi. Ni kinanda." Masoprano walicheka mpaka wakajificha nyuma ya zile nakala zangu za rangi. Padri akawaomba waumini radhi kwa niaba yangu, na hilo ndilo lililoniuma kuliko yote.

Baada ya misa nikamvizia Mzee Njiku mlangoni.

"Shikamoo mzee. Kuhusu ile nafasi..."

"Marahaba. Tulia kwanza, mwanangu. Tunasubiri wimbo wako uishe."

Naomba msicheke. Mkishindwa kujizuia, basi mkifika kwenye Fine mnyamaze.