Vita vya Mwalimu Faustin na Samaki wa Sakafuni

Jongeeni, enyi watu wa Lubumbashi, zimeni redio, epueni sufuria za bukari, ugali wetu, mpate kusikia habari za mwalimu Faustin, Simba wa Darasa la Pili, Mwenye Suruali Iliyopauka Magotini, siku aliyotoka kupigana na samaki wasio na maji.

Samaki hao waliishi ndani ya mashine. Ilifungwa darini katika shule ya watoto wenye ulemavu kule Naviundu, ikimwaga picha ya ziwa sakafuni, nayo ilikuwa na jicho: mtoto akigusa samaki, hata kwa kidole cha mguu, samaki hutimka na maji hulia chubwi. Iliazimwa kwa siku moja tu. Kesho yake ingekwenda shule nyingine, kule Kasomeno. Na Exaucée, msichana wa miaka tisa, ambaye katika mwili wake wote mguu wa kushoto peke yake ndio uliomtii, aliisubiri wiki nzima.

Basi shujaa wetu, ili kumpokea mgeni kwa heshima, alipiga magoti tangu alfajiri akisugua sementi kwa nta nyekundu, kama afanyavyo kila mwenye nyumba hapa kwetu anayengoja wakwe, hata sakafu ikang'aa kiasi mtu aweze kujichania nywele humo.

Mashine ikawashwa. Samaki wakatokea. Exaucée akasukuma mguu, na samaki hawakushtuka hata kidogo.

Hapo Faustin akakunja mikono ya shati, akamrukia samaki kwa teke la kishujaa, akateleza, akaanguka kwa kishindo kilichosikika jikoni. Akainuka, akaelekeza kidole darini.

"Weye mashine! Miye Faustin, mutoto ya muzee Chama, mwenye alifundisha bantu mia tatu kusoma! Nilikufanyia mubaya gani? Heshimia mutoto!"

Samaki wakaogelea vile vile. Akabonyeza vitufe vyote, na ushindi pekee alioupata ni maandishi kugeuka Kichina.

Exaucée akageuza uso ukutani. "Pengine ni miye njo sijue," akasema, akijitwika kosa.

Neno hilo lilimuuma Faustin kuliko makalio aliyoyaangukia.

Ndipo akaingia Maman Wivine, mpishi, mkono umekinga macho dhidi ya mng'ao wa sakafu. "Yo! Mwalimu, hii pavement iko inang'aa mingi! Hata miye siko naona. Ile jicho ya kule juu itaona namna gani?"

Faustin akatazama sakafu, kisha magoti yake mekundu. Adui aliyempiga vita asubuhi nzima alikuwa amemsugua mwenyewe.

Wakatandika shuka nene jeupe. Exaucée akalazwa ukingoni. Mguu ukasogea, kadiri ya upana wa kidole.

Chubwi! Samaki akatimka.

Exaucée akacheka mpaka akapaliwa. Faustin, kwa furaha isiyozuilika, akaruka katikati ya ziwa, mikono juu: "Tumeshinda! Vizazi vitasimulia..."

"Mwalimu, toka mule!" akafoka Exaucée. "Uko unakimbiza samaki yangu!"

Shujaa akatoka ziwani kwa ncha za vidole, viatu mkononi. Na iandikwe katika tarehe za Katanga kwamba siku hiyo, tangu saa nne mpaka saa kumi, Exaucée alilitawala ziwa lile, na hakuna mtu mzima aliyethubutu kulikanyaga bila ruhusa yake.