Kiboko Hawaki Pasipo Mteremko

Jumatatu, 3 Juni

Mwanangu wa kwanza amekuja na mkewe. Hajakaa hata kitako. Amesema siku nyingine gari hili likisukumwa na watu barabarani, siku hiyo hiyo anampigia simu mnunuzi wa vyuma chakavu. Amesema mbele ya mkewe, kwa hiyo hawezi kurudi nyuma. Mkewe akanisaidia kuanika nguo, kimya, kama mtu aliyekuja msibani.

Nikakubali. Nimemwambia Kiboko hatasukumwa tena.

Kiboko ni gari la jipu la dizeli aliloniachia marehemu mume wangu, pamoja na kusoma na kuandika, alikonifundisha juu ya mifuko ya saruji. Ana umri wa huyu huyu mwanangu, na kati yao ni mmoja tu anayenisikiliza. Anavuja oili, ndiyo. Namwekea beseni. Mlango wa kushoto unafungwa kwa kamba. Lakini ni Kiboko peke yake anayefika kwa dada. Dada yangu ana miguu mibovu na anaishi juu kule kwenye machimbo ya mawe. Teksi zikiiona ile barabara zinageuza. Kiboko akiuzwa, dada atahamishiwa ghorofani kwa mwanangu, akae kama koti kabatini. Amenikatalia hilo, na mimi nimemwapia.

Nisilomwambia mwanangu: stata imekufa tangu juzi. Unazungusha ufunguo, unasikia "tk" moja, basi.

Lakini mteremko ninao. Uwanja wangu unashuka mpaka getini.

Jumanne, 4 Juni

Mpango umefaulu! Kiboko alilala ameelekea geti, jiwe mbele ya tairi. Asubuhi nimetoa jiwe, nimeachia breki ya mkono, akashuka taratibu, gia ya pili, nikaachia klachi. Akakohoa. Akawaka. Jirani alitoka kuanua nguo akidhani ni radi.

Sokoni ni tambarare. Nimemwacha akiunguruma, nikanunua vitunguu na sabuni. Mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi akaniuliza bibi mbona huzimi gari. Nikamwambia injini ya zamani ni kama mzee, ukiilaza mchana, usiku haipati usingizi. Akaitikia kwa heshima zote.

Nimepita kwa shoga yangu mshonaji. Kwake pia tambarare. Sikushuka. Tumeongea dirishani, yeye akipiga kelele kushinda injini. Nimemwambia nampenda ila ahamie mlimani.

Alhamisi, 6 Juni

Fundi kaja. Kajilaza chini ya Kiboko, katoka na uso mweusi, kasema ni stata tu, kitu kidogo. Aifungue, akaitengeneze kwake, airudishe kesho kutwa. Kesho kutwa! Na mwanangu anapita hapa kila jioni akitoka kazini! Nikamwambia asubiri mwanangu asafiri. Akauliza atasafiri lini. Nikasema labda mwakani.

Akafuta mikono. "Bibi, gari si mafua. Haliponi lenyewe."

Nikampa chakula, nikamfukuza. Mtu mzuri sana, ila mdomo.

Shida mpya. Jumamosi kikundi chetu cha akina mama kinakutana kwa Katibu, na viti huwa nabeba mimi. Kwa Katibu ni tambarare kama sahani. Mke wa mwanangu ndiye mweka hazina. Nisukumwe mbele yake? Lazima mkutano uhame. Katika kikundi kizima nyumba yenye mteremko ni moja: ya Mama Vigae. Mungu ana utani.

Ijumaa, 7 Juni

Mama Vigae tunamwita hivyo kwa ajili ya paa lake, na kwa sababu haijapita siku hajalitaja. Hatusalimiani tangu aseme hadharani kwamba Kiboko ni jeneza lenye magurudumu.

Nimekwenda na mkungu wa ndizi. Nimeomba msamaha. Kwa kosa lake! Akaketi chini kwa mshtuko, akaanza kulia. Akasema ameniwaza sana, hana wa kubishana naye, wengine wote wanamkubalia tu. Na mimi nikalia. Haikuwa kwenye mpango, ilitoka yenyewe. Macho yakiwa bado na machozi, nikaupima mteremko wake. Mfupi, lakini umesimama vizuri.

Nikataja mkutano. Akasema nyumba ni yangu. Katibu tumemwambia kwake kuna joto.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefika wa kwanza. Kiboko nimemwegesha ukingoni mwa mteremko, pua chini, geti wazi. Tukaingia ndani na ajenda.

Mama Vigae anajenga ukuta mpya. Hakunitajia. Tuko kwenye mengineyo, tukasikia kishindo. Lori limemwaga mchanga getini, mteremko wote, umekuja mpaka puani kwa Kiboko. Dereva wa lori keshaondoka.

Hapo hapo simu. Jirani wa dada. Dada ameanguka bafuni, hawezi kuinuka, analia nyonga inamuuma.

Mke wa mwanangu akakimbilia gari lake, akautazama mchanga, akasimama. Katibu akaulizia majembe. Kisha wote wakanigeukia. Mchanga ule ni Kiboko tu anayeupanda, na barabara ya dada vilevile. Wakanifungulia mlango kabisa.

Nikazungusha ufunguo. "Tk."

Nikamwona dada akilini, yuko sakafuni. Nikatoa kichwa dirishani.

"Stata imekufa. Nisukumeni kinyumenyume."

Mke wa mwanangu alinitazama sana. Nikajua yamekwisha, nimemuuza Kiboko kwa mdomo wangu. Kisha akavua viatu vyake vya kisigino. Mama Vigae alikuwa wa kwanza kuweka mikono kwenye boneti, na pete zake zote. Katibu akahesabu moja, mbili, tatu, kama anasoma kumbukumbu za kikao. Kiboko akagoma, akafikiri, akasogea. Uwanjani kwa nyuma ni tambarare, akapata mwendo. Gia ya kurudi nyuma, klachi. Moshi ukaingia mpaka sebuleni. Akawaka!

Mke wa mwanangu akarukia ndani, peku. Nikaingiza gia ya nguvu, magurudumu yote manne. Kiboko akaupanda mchanga kama mzee anavyopanda kitanda, goti kwanza, kisha mwili. Akateremka upande wa pili. Nyuma yetu vigelegele. Pembeni yangu mtu ameshika kamba ya mlango kwa mikono miwili na anasali.

Dada hajavunjika, ameteguka. Njia nzima ya hospitali amelalamika kwamba gari linanuka. Nikajua atapona. Kiboko sikumzima mpaka nyumbani.

Jumapili, 9 Juni

Nimeamka nikasimama getini, mchi mkononi. Mnunuzi wa vyuma chakavu apite juu yangu.

Mwanangu akaja na fundi.

Mkewe amemweleza yote, mpaka mchanga. Inasemekana amemwambia Kiboko akiuzwa, na yeye auzwe humo humo ndani. Nimemkosea yule mtoto siku zote hizi kwa kudhani ni mpole.

Mwanangu akaniuliza kwa nini sikumwambia, kazi yenyewe ni ndogo. Nikamjibu ulisema akisukumwa tena utamuuza. Akainamia kiatu chake.

"Mama, naogopa siku moja nitakukuta umekwama porini peke yako."

Nikamvuta kichwa, dume zima lile, nikakilaza kifuani. Fundi akajifanya anatafuta spana.

Akanitaka niahidi: kitu chochote kikiharibika, namwambia yeye kwanza. Nikaahidi kwa jina la baba yake.

Jumatano, 12 Juni

Stata imerudi. Unagusa tu ufunguo, Kiboko huyo! Jiwe nimelitupa. Mshonaji nimemtembelea, nikashuka, nikakaa mpaka akanichoka.

Mama Vigae ameomba mkutano ujao uwe kwake tena. Ukuta umekamilika, amenipeleka kuuona. Mweupe, mrefu, uko chini kabisa ya mteremko.

Jana pedali ya breki ilizama kidogo. Leo imezama zaidi. Nikiikanyaga mara tatu inashika. Sijamwambia mtu, mwanangu ana kazi zake, na ahadi ilikuwa ya vitu vilivyoharibika. Hii haijaharibika, imelegea. Kwenda kwa dada ni kupanda, na kupanda hakuhitaji breki. Kushuka nitashuka na gia.

Ila kule kwenye ukuta sithubutu. Mkutano lazima urudi kwa Katibu, kwenye tambarare yake nzuri. Basi kesho asubuhi nakwenda kugombana na Mama Vigae.

Nitaanzia kwenye paa.