Katoni Arobaini Katika Chumba cha Linnea

Jumatatu, 11 Machi

Kirsten kapiga simu. Anakuja Jumamosi na mumewe na mtoto, wiki mbili nzima! Mjukuu wangu Linnea ana wiki tano na sijamwona ila kwenye picha, amevaa kofia mbaya aliyofumiwa na Delmar. Ndiyo, Delmar mwenyewe, anafuma. Delmar ni baba wa mume wa Kirsten, kwa hiyo ni mkwe mwenzangu. Pia ana duka la bunduki mkabala na langu, ng'ambo ya barabara. Mtu mmoja kunipa mateso mawili.

Marlys, mke wangu, kauliza mtoto atalala wapi. Nikasema chumba cha wageni. Kasema chumba gani, kile chenye katoni arobaini?

Hapo alinibana. Ni magazini za bunduki, vile visanduku vya kujazia risasi, kila moja ya risasi thelathini. Nilizinunua wiki moja kabla jimbo halijapiga marufuku kuuza zinazozidi risasi kumi. Nilijua majaji wataifuta ile sheria upesi. Upesi huo sasa una miaka miwili. Kuziweka ruksa, kuziuza hapa marufuku. Marlys katoa amri: zitoke kabla ya Jumamosi, la sivyo wageni watalala kwa Delmar.

Kwa Delmar! Usingizi wa kwanza wa Linnea katika mji huu, chini ya paa la Delmar! Haiwezekani.

Jumanne, 12 Machi

Mungu yupo. Gazeti linasema jaji wa wilaya yetu atatoa hukumu ya ile kesi ya magazini Alhamisi. Kila mtu anajua yule jaji anaelekea wapi. Akiifuta sheria, nauza katoni zote siku hiyo hiyo na chumba kinakuwa kitupu.

Marlys kauliza: serikali ikikata rufaa je? Nikamweleza taratibu, maana mambo ya sheria hayajui. Rufaa huchukua wiki kadhaa. Wale ni watumishi wa serikali, lazima kwanza wale chakula cha mchana. Karudi kumenya viazi.

Jumatano, 13 Machi

Matayarisho. Nimewaambia wateja ishirini na wawili wapange foleni dukani kwangu kesho kuanzia saa sita. Nimewaahidi kahawa.

Mpango wenyewe ni wa kijanja. Delmar naye ana magazini zake, lakini atakaa dukani kwake asubiri habari, kama watu wa kawaida. Mimi nitakuwa mahakamani, nitaisikia hukumu kwa masikio yangu kabla ya mtu yeyote. Katoni zote nimezipakia kwenye pikapu niende nazo, maana simwamini mtu. Ufunguo wa duka pia. Marlys kaomba aachiwe ufunguo. Nikakataa. Angewauzia watu kwa bei ya huruma.

Alhamisi, 14 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa nne nilikuwa mahakamani. Askari mlangoni kachukua simu yangu, kaifungia kwenye kisanduku, kanipa kibati chenye namba. Nikaingia ukumbini. Mtu hakuna. Nikafurahi: nimewahi kiti cha mbele! Nikakaa. Saa tano. Saa sita. Saa saba. Nikala mkate wangu wa nyama kwa kujificha.

Saa nane kasoro robo akaja karani, mama mmoja mwenye miwani mbili, moja kichwani. Kauliza babu anasubiri nini. Babu! Nikamwambia nasubiri jaji asome hukumu. Kasema jaji yuko nyumbani kwake, na hukumu imewekwa kwenye tovuti tangu saa saba. Sheria imefutwa. Kaongeza kwa upole kwamba siku hizi hakuna anayekuja kusomewa.

Nilikimbia. Nikapoteza kile kibati. Nikakipata kwenye soksi. Simu ilikuwa na ujumbe thelathini na mmoja, kumi kutoka kwa Marlys, wa mwisho ukisema tu: UKO WAPI WEWE.

Barabara ya mlimani, mbele yangu gari la magogo, linapanda kama lina ujauzito. Nafika dukani saa tisa kasoro dakika kumi na tisa. Foleni imebaki watu wanne, na hao walikuwa wamekuja kununua chambo cha samaki tu. Wengine walishavuka barabara saa saba na robo. Delmar kawauzia mzigo wake wote. Na kahawa kawapa.

Sikukata tamaa. Nikachana katoni ya kwanza, nikamwita mmoja wa chambo. Delmar akavuka barabara mbio, simu mkononi, anapiga kelele: Orrin, acha, utafungwa! Mahakama ya Rufaa imesimamisha hukumu dakika kumi na moja zilizopita. Marufuku imerudi mpaka rufaa isikilizwe. Mawakili wa serikali walikuwa na karatasi zao tayari tangu Jumatatu.

Kwa hiyo chakula cha mchana hawakula. Watu gani hawa?

Ijumaa, 15 Machi

Katoni zimerudi chumbani. Nimekata rufaa kwa Kirsten, asimamishe amri ya mama yake. Kasema, "Baba, mama yuko sahihi." Rufaa imetupwa kwa sekunde nne.

Jumamosi, 16 Machi

Wamefikia kwa Delmar. Nimekwenda. Nilikuwa nimepanga kununa saa nzima, lakini wakaniwekea Linnea mikononi. Kakishika kidole changu na kukikamata hasa. Nimelia. Delmar kanipa leso, na sikuona ubaya.

Kisha kanipa namba ya mfanyabiashara wa ng'ambo ya mto. Huko ni jimbo jingine, halina marufuku, na kumuuzia yeye ni halali. Atachukua zote. Kirsten kasema chumba kikiwa wazi Jumatatu, wiki ya pili watahamia kwetu.

Jumatatu, 18 Machi

Nimepakia zote arobaini. Marlys kaimba akipiga deki. Nilipoondoka alikuwa anaunganisha kitanda cha mtoto katikati ya chumba.

Nilikuwa nimeliona daraja la mto kwa macho yangu. Redio ikatangaza: Mahakama ya Juu Kabisa ya jimbo imekubali kuisikiliza rufaa yenyewe! Nikasimama pembeni, nikafikiri kwa makini, nikageuza. Mtu mwenye akili hauzi mzigo siku tano kabla haujawa halali. Au miezi mitano. Tarehe haijapangwa.

Marlys kaniona nashusha katoni ya kwanza. Kakifungua kile kitanda vipande vipande, kakiweka kwenye gari lake pamoja na mto wake wa kulalia, kaenda kukaa kwa Delmar na akina Kirsten.

Nimempigia Kirsten kumweleza kwamba hili ni la muda tu, hukumu inaweza kutoka wakati wowote. Kwa nyuma nilimsikia Linnea akilia, kisha Marlys akimbembeleza, kisha kimya.

Katoni ishirini zimeenea vizuri sana kitandani kwetu, upande wa Marlys. Chumba cha wageni sasa kina nafasi. Delmar akikosa mahali pa kuwalaza wote, aseme.