Mkate wa Mwenyekiti Umeota Ndevu

Jikoni, shule ya sekondari,
Chanzuru, Kilosa.

Ndugu Mhariri,

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa wasomaji wa dini nyingine, poleni na kazi. Naomba kona ndogo ya gazeti lako nimseme Mwalimu Yusta, anayefundisha sayansi kwa kujitolea katika shule ninayopikia. Simchukii. Jumapili tunakaa benchi moja kanisani, na namwombea. Lakini bodi ya shule inakaa Ijumaa, nami naomba siku hiyo aondolewe. Sababu zangu ni hizi:

1. Amelidharau kabati. Miaka mitatu iliyopita tulipewa vifaa vya maabara, vikafungiwa kabatini kumsubiri mgeni rasmi aje avizindue. Mgeni alikuja mara moja, akapitiliza Mikumi kuangalia tembo. Pilau lake tukalila wenyewe. Tangu hapo wanafunzi huchora hadubini kwa kuchungulia tundu la ufunguo, na walikuwa wameshazoea. Sasa Mwalimu Yusta kaja na chupa tupu za maji, mchanga, mkaa na moyo wa mbuzi kutoka buchani, anafundishia, bila hata utepe kukatwa! Mgeni rasmi akifika kesho atazindua nini, ikiwa watoto wameshaelewa?

2. Watoto wanauliza. Binti yangu Loveth, wa kidato cha pili, zamani alikuwa anarudi na shikamoo yake, anakariri daftari, analala. Siku hizi shikamoo inafuatwa na "Mama, umejuaje?" Juzi nimesema maharage yameiva. "Umejuaje?" Nimepika miaka kumi na sita, Mhariri. Mimi darasa la saba nilichora panzi mzima, miguu yote, bila kumshika panzi, nikapata tisa kwa kumi, na hakuna panzi aliyelalamika.

3. Mkate. Hapa naomba ukae kabisa. Siku ya wazazi Mwalimu alileta mkate kutoka Magomeni ya hapa Kilosa, akataka watu wawili tushike kipande kimoja kimoja. Bwana Nikolaus, mwenyekiti wa bodi, alishika chake baada ya kunawa kwa sabuni mbele ya umati. Mimi nilishika changu nikitoka jikoni, bila kunawa. Vikatiwa kila kimoja kwenye mfuko wake, vikabandikwa karatasi za majina, vikafungiwa stoo yangu ya jikoni siku nane. Wazazi wakaitwa tena. Changu kilitoka cheupe kama hostia ya komunyo. Cha mwenyekiti kilikuwa na ndevu, Mhariri, ndevu za ukungu wa kijani, za kuchana. Mzee mmoja wa nyuma akapaza sauti, "Mwenyekiti, ndiyo mikono unayotusalimia nayo hiyo?" Watu wakacheka mpaka kina mama wakashikana. Bwana Nikolaus akasema huo si mkate, ni siasa, na mwalimu huyo hamalizi muhula. Mimi naungana naye. Kama aliyenawa ndiye mchafu na asiyenawa ndiye msafi, sayansi hiyo ni ya uongo, na sabuni nayo tuiangalie upya.

4. Hakubali kushindwa. Mwalimu mwenye adabu angefuta ubao na kuomba radhi. Yeye kawaambia watoto, "Jibu likigoma msilitukane. Rudieni." Wamerudia mara tatu kwa mikono yao wenyewe, na kila mara sabuni inashinda. Je, wameridhika? Sasa wanatafuta siku ile palitokea nini. Loveth ana daftari la nani aliingia stoo na saa ngapi. Jana tunakula, akanitazama, akauliza kwa heshima zote, "Mama, ufunguo wa stoo wiki ile alikaa nao nani?" Nikamwongezea maharage. Ndiyo elimu hiyo, mtoto kumpeleleza aliyemzaa?

Kwa hiyo naomba Mwalimu aondoke upesi, kabati lipakwe rangi mpya, na sayansi ifundishwe kama katekisimu: swali moja, jibu moja, na yote yawe yameshaandikwa.

Nisalimie wapiga chapa wako, na vijana wanaouza gazeti hapa stendi ya Kilosa, na mama watoto nyumbani. Mungu awafunike wote.

Ni mimi dada yako katika imani,
Filomena, mpishi.

N.B. Mhariri, barua hii nimeifunga kwenye pindo la kanga siku mbili, na leo kabla ya posta nimepita kwa padri. Mkate wenye ndevu ni wangu. Niliuona siku ya sita, nikaona aibu, maana watoto mia tatu wanakula kutoka mikono hii, nikabadilisha karatasi za majina. Tangu hapo nanawa kwa sabuni kabla ya kugusa hata mwiko, na watoto wanaoshika matumbo mchana wamekwisha. Hilo nalo Loveth ameliandika. Padri anasema kumwambia yeye peke yake hakutoshi. Kipande ninacho, nyuma ya debe la unga. Ijumaa nitakwenda nacho mbele ya bodi, nimwombe radhi Bwana Nikolaus, na Mwalimu abaki. Nafasi ikiwa finyu gazetini, chapa N.B. hii, hayo ya juu yatupe. Najua nikimaliza kusema Loveth atanyoosha mkono: "Mama, umejuaje ni chako?" Safari hii jibu ninalo. Chini ya zile ndevu kuna alama ya dole gumba langu, lenye kovu la kisu.