Sayari Nne Kando ya Josho

Jumatatu, 3 Agosti

Mama Mkwe ametuita leo, mimi na mwanyumba wangu, yaani huyu aliyemwoa mdogo wa mke wangu. Ni mpima ardhi. Mimi humwita Bwana Rula, ila si mbele yake. Amefika na viatu vinang'aa. Mimi nimetoka moja kwa moja karakana, mikono imejaa grisi ya friji za watu. Nikaificha chini ya meza.

Habari yenyewe: Mama Mkwe hataki pikapu ya marehemu Baba Mkwe iendelee kuozea bandani. Anataka mmoja wetu aichukue, aitunze, na awe anampeleka anakotaka kwenda. Pikapu! Miaka yote hii nabeba friji kwa mkokoteni. Nilifurahi mpaka nikamwaga chai.

Lakini kuna mtihani. Walimu wa sekondari wametengeneza ziara ya sayari barabarani. Unachukua ramani getini kwao, unaendesha mwenyewe. Unaanzia kwenye Jua, ambalo ni tangi la maji la shule lililopakwa rangi ya njano, kisha unafuata vibao vya sayari, kimoja baada ya kingine, hadi cha mwisho huko mashambani. Mama Mkwe anataka kuziona zote nane, maana Baba Mkwe alikuwa akifundisha mambo hayo. Mimi nitampeleka Jumamosi kwa pikapu hiyo hiyo, kwa kuwa nimeoa mkubwa. Bwana Rula Jumapili. Atakayemfurahisha zaidi anakabidhiwa ufunguo.

Bwana Rula akasema ni safari ya siku nzima, ataandaa viti, maji na mwavuli. Nikamwonea huruma. Mtu anapenda kukuza mambo huyu.

Jumanne, 4 Agosti

Nimefunga karakana mapema, nikachukua baiskeli kwenda kupeleleza. Utaridi iko mbele ya kinyozi. Zuhura, kwa fundi cherehani. Dunia, pembeni ya duka la dawa. Mirihi, ukutani mwa mashine ya kusaga. Nimefika Mirihi hata jasho halijanitoka. Nusu ya sayari zote, na bado niko mjini! Siku nzima, eti. Hesabu ni nyepesi: nne za kwanza nimezimaliza kwa muda wa kunywa chai, nne za pili ni chai nyingine. Ramani sikuichukua. Ya nini?

Nikapitia kwa Mama Mkwe kumwahidi kwamba Jumamosi nitamrudisha kabla ya chakula cha mchana. Akaniangalia kidogo. Akasema haya. Nadhani alifurahi, maana magoti yanamsumbua.

Mke wangu akauliza kama hizo nne nyingine nimeziona kwa macho. Nikamwambia aliyefungua friji nne za aina moja hana haja ya kufungua ya tano. Akaendelea kukunja nguo, lakini kwa namna ile.

Jumatano, 5 Agosti

Kwa ajili ya ile namna ya kukunja nguo, leo nimeomba lifti kwa rafiki yangu Bwana Mikate, anayesambaza mikate kwenye maduka ya mashambani. Nilitaka tu kuhakikisha.

Tukaipita Mirihi. Tukaenda. Tukaenda tena. Nikamuuliza kama hatujapotea, akasema barabara ni moja, tutapoteaje. Mshtarii tukaikuta kando ya josho la ng'ombe, mji haukuonekana tena nyuma. Zohali, kwenye daraja, nimeshasinzia na kuamka. Uranusi, penye tanuri la matofali, mgongo wote unauma. Neptuni iko juu ya kilima, mahali lami inapoishia. Zaidi ya hapo ni mbuzi.

Walimu hawa hawajui kupanga vitu. Sayari nne wamezirundika mjini, nyingine wamezitawanya hovyo mpaka kusikoishi watu. Na mimi nimeshaahidi! Nikirudi kwa Mama Mkwe kubadilisha maneno, Bwana Rula atasikia kabla sijafika nyumbani, na pikapu ndiyo hiyo imekwenda.

Nimerudi nikiwa nimekaa juu ya kreti tupu, nawaza. Karibu na Mirihi nikapata jibu. Vibao vyenyewe vimeshikwa kwa skrubu tu.

Alhamisi, 6 Agosti

Bisibisi yangu ya mpini mwekundu ni chombo cha maana sana.

Bwana Mikate, aliyenipa lifti tena, akauliza nafanya nini. Nikamwambia walimu wameniomba niwasaidie marekebisho. Si uongo kabisa, maana wangejua, wangeniomba. Akaniamini, tena akanishikia vibao visianguke. Neptuni tumeishusha, Uranusi tumeishusha, Zohali ilinitesa kwa sababu ya ile pete yake ya bati. Zote tatu nikaja kuzifunga kwenye uzio wa josho, safu moja na Mshtarii, kwa unadhifu. Mtu anasimama mahali pamoja, anageuza shingo, amemaliza. Mchunga ng'ombe mmoja alitazama kazi yote mpaka mwisho. Nadhani alivutiwa.

Na kuna faida ya pili, ambayo imenichekesha njia nzima. Jumapili Bwana Rula atafika na viti, maji na mwavuli wake, na ataishiwa sayari kabla jua halijawa kali.

Ijumaa, 7 Agosti

Bwana Rula amekuja karakana. Kanishauri nibebe dumu la mafuta, eti mshale wa mafuta wa ile pikapu hudanganya. Kanipa na mwavuli wake niutumie. Nikajua ni ujanja. Nikakataa vyote viwili kwa heshima.

Halafu akaanza kusifu ile ziara. Kumbe walimu hawakubahatisha! Wamepima. Umbali wa kila kibao kutoka kwenye lile tangi ni umbali wa kweli wa sayari, ila umepunguzwa ili utoshe barabarani. Ndiyo maana nne za mwanzo zimekaribiana na nne za mwisho ziko mbali mno, kwa sababu hata huko juu zimekaa hivyo hivyo. Akasema utamu wote wa safari uko kwenye ule umbali. Macho yalikuwa yanamng'aa, kama mtoto.

Nikamuuliza, itakuwaje mtu akihamisha kibao kimoja kidogo. Akasema nani mwenye akili zake atafanya hivyo.

Nimelala mchana nikafikiri. Hata hivyo magoti ni magoti. Nafanya kwa ajili ya magoti.

Jumamosi, 8 Agosti

Nimechoka, nimeungua na jua, na sijui hata nianzie wapi. Nianze na nguo. Mama Mkwe alinisubiri mlangoni amevaa gauni lake la sherehe, kofia, na miwani ya jua ya marehemu. Begani mkoba mkubwa. Nilishtuka kidogo. Hayo si mavazi ya mtu anayerudi kabla ya mchana.

Mjini mambo yalikwenda vizuri. Nikampiga picha kwa kinyozi, kwa fundi cherehani, kwenye duka la dawa. Mirihi akaipapasa kwa mkono. Kisha tukatoka mjini, akashusha kioo, akaanza kuimba taratibu. Nilikuwa najiona mshindi. Nikawa nafikiria rangi nitakayoipaka pikapu.

Tukafika joshoni. Nikazima gari, nikamwonyesha kwa mkono wote: Mshtarii, Zohali, Uranusi, Neptuni. Tumemaliza, Mama.

Akavua miwani. Akavitazama vile vibao, na ng'ombe waliokuwa wakivinusa. Akaniuliza polepole, "Ndiyo basi, mwanangu?"

Nikasema ndiyo basi.

Kisha akanieleza kwamba Baba Mkwe alimchorea sayari hizi ukutani kwa chaki, mwaka waliooana. Ukuta ukaisha baada ya Mshtarii. Akatoka nje, akaendelea kwenye uzio, nao ukaisha. Akamwahidi kwamba iko siku atampeleka mwenyewe aone jinsi ya mwisho ilivyo mbali. Hawakuwahi. Na tangu mazishi hakuna aliyempeleka popote zaidi ya zahanati na sokoni. Wiki nzima hii alikuwa akisubiri kwenda mbali.

Niliona haya. Niseme kweli, niliona haya mpaka masikioni. Nikawasha gari bila kufikiri, nikamwambia ngoja twende tu mbele kidogo, pengine kuna kitu.

Akarudisha miwani. Wimbo ukaanza upya, sasa kwa sauti. Kwenye daraja akaona nguzo haina kibao, akauliza. Nikasema upepo. Kwenye tanuri la matofali akaona nyingine, ina matundu manne safi ya skrubu. Akasema upepo wa huku una ufundi. Nikakaza macho barabarani. Lakini furaha yake ilikuwa inaambukiza, na kabla ya kilima nilikuwa naitikia kiitikio. Siwezi kuimba. Hakujali.

Lami ikaisha. Gari likakohoa, likazima pale pale juu, chini ya nguzo tupu ya Neptuni. Mshale ulikuwa unaonyesha nusu tangi.

Hatuna mafuta. Hatuna maji. Hatuna chakula, kwa sababu ni mimi niliyesema tusibebe. Jua la utosi, na mwavuli niliukataa. Nikajiandaa kutukanwa. Mama Mkwe akashuka, akapanda nyuma ya pikapu kwa magoti yale yale, akaangalia barabara tuliyotoka, ndefu, imepotea kabisa kwenye vilima. Akasema, "Alikuwa anasema kweli, mzee wangu. Mbali hivi." Akacheka huku machozi yanamtoka. Nikageukia mbuzi, maana na mimi yalianza.

Ndipo ikatokea gari la mikate. Nilifurahi kumwona Bwana Mikate kwa muda mfupi sana. Akasimama, akamwamkia Mama Mkwe shikamoo, akamgawia mkate wa moto. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu asiye na siri duniani, kama walimu wameyapenda yale marekebisho, na je, ile Neptuni tuliyoing'oa hapa haikupata mikwaruzo.

Nikawatazama mbuzi. Mbuzi tu.

Mama Mkwe akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini na mkate wake. Akasema kwamba kaishi na mwalimu wa sayansi maisha yake yote, lakini hajawahi kusikia mtu aliyeona ni rahisi kuvuta sayari kuliko kubeba chakula cha mchana.

Bwana Mikate akapeleka habari mjini. Jioni jua likiwa bado lipo akafika Bwana Rula, na dumu la mafuta, na viti, na maji, na mwavuli, na wake zetu wote wawili. Hakusema neno. Hiyo ndiyo tabia yake mbaya kuliko zote. Tukakaa sote kilimani kwenye viti vyake, tukala mkate. Lilikuwa jambo zuri sana, viti vyenyewe pia vizuri, inanibidi niseme. Wakati wa kurudi mke wangu akaomba ufunguo, akakaa kwenye usukani, akaendesha mpaka nyumbani bila kugusa hata shimo moja. Alifundishwa na baba yake. Ndoa miaka yote hii, sikujua!

Jumapili, 9 Agosti

Tumekwenda familia nzima kurudisha vibao. Mke wangu ndiye dereva. Bwana Rula anapima, mimi nafunga skrubu. Kila nikikosea kwa upana wa kiganja ananiambia, mwanyumba, hapo umeisogeza sayari mbali mno na njia yake. Nikarudia. Nikarudia tena. Zohali nimeifunga mara tatu.

Mama Mkwe alikuwa na raha kuliko jana. Neptuni iliporudi juu ya nguzo akampa mke wangu ufunguo, mbele ya wote. Bwana Rula akapiga makofi. Mimi pia, kwa sababu nimepiga hesabu haraka: mke ni wangu, karakana ni yangu, kwa hiyo pikapu italala kwangu. Nimeshinda. Njia niliyopitia haina umuhimu.

Kabla hatujaondoka Mama Mkwe akasimama, akauliza Pluto iko wapi. Marehemu alimfundisha tisa. Bwana Rula akamweleza kwa upole kwamba wataalamu wameitoa kwenye hesabu ya sayari. Mama Mkwe akasema wao wameitoa, yeye hajaitoa. Bwana Rula akakokotoa papo hapo mahali ambapo kibao kingekaa: huko ng'ambo ya vilima, mwendo mrefu, njia ya miguu tu. Mama Mkwe akashusha pumzi.

Jumatatu, 10 Agosti

Nimeamka na furaha. Nimetafuta bati la mlango wa friji iliyokufa, nikalikata duara, nikalipaka kijivu. Nimeandika PLUTO kwa herufi nzuri. Limependeza kweli. Bwana Rula anaweza kupima vilima anavyotaka. Mimi nimelipigilia juu ya mlango wa karakana yangu, hatua chache tu kutoka lile tangi la Jua.

Mama Mkwe anakuja Jumamosi kuiona. Nimemwambia mke wangu asisumbuke kuwasha gari.